Mama Santuri Anajibu: Bluzi, Kantri na Rafu Zinazodanganya

Toleo lililopita niligusia kidogo santuri za zamani za Marekani, na barua zimemiminika. Wengi mnataka vitabu. Nimechagua barua nne. Nimefanya kazi ya ukutubi upande wa muziki karibu umri wangu wote, kwa hiyo mtanivumilia mkiniona nagombana na rafu.

Shikamoo Mama Santuri. Ninajifunza gitaa, na bluzi, ule muziki wa Wamarekani Weusi, nimeijua kupitia mpiga gitaa Robert Johnson. Nataka kitabu kimoja tu kinachoeleza muziki huu ulitoka wapi. Rafiki yangu anasema Johnson aliuza roho yake kwa shetani penye njia panda, na kwamba hapo ndipo bluzi ilipozaliwa. Ni kweli?

Marahaba, mwanangu. Tuanze na huyo shetani ili tumalizane naye. Hadithi ya njia panda ilisimuliwa na LeDell Johnson kuhusu ndugu yake Tommy, ambaye ni mwanamuziki mwingine kabisa wa Mississippi. Baadaye ikamwangukia Robert. Robert alifariki mwaka 1938 akiwa na miaka 27, akaacha nyimbo nyingi na maelezo machache, na marehemu wa namna hiyo hubebeshwa kila mzigo.

Kitabu chako ni *Escaping the Delta* cha Elijah Wald, kilichotoka mwaka 2004. Wald mwenyewe ni mpiga gitaa, na sehemu kubwa ya kitabu anapita wimbo baada ya wimbo katika zile 29 ambazo Johnson alirekodi San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka uliofuata. Kisome gitaa likiwa mapajani. Hoja yake itamuudhi rafiki yako: Johnson alipokuwa hai, Wamarekani Weusi wengi hawakumjua. Nyota waliyemjua alikuwa Leroy Carr wa Indianapolis, mpiga piano mwenye sauti ya upole, aliyevuma na "How Long, How Long Blues" mwaka 1928. Johnson alijifunza mengi kwa kumsikiliza Carr kwenye santuri, sawa na wewe unavyomsikiliza yeye. Ukubwa wa Johnson ulianza mwaka 1961, pale kampuni ya Columbia ilipokusanya nyimbo zake katika santuri moja, ikaangukia mikononi mwa vijana Wazungu waliokuwa wakitafuta kitu cha kale chenye siri.

Ukishaelewa hilo, utaona kwa nini nawaonea shaka waandishi wanaoanza kila kitabu na mwanamume mpweke, gitaa, na reli inayopita mashambani. Bluzi ilipoanza kuuzwa, sura yake ilikuwa ya mwanamke. Mwezi Agosti mwaka 1920, jijini New York, Mamie Smith, mwimbaji wa majukwaani, alirekodi "Crazy Blues" kwa kampuni ya Okeh. Watu Weusi wakainunua kwa wingi, na kampuni zikagundua ghafla kwamba nao wana fedha. Baada yake wakaja Ma Rainey na Bessie Smith, wenye manyoya kichwani, vito shingoni na bendi nyuma yao.

Ndiyo maana, ingawa umeomba kimoja, nakuongezea *Blues Legacies and Black Feminism* cha Angela Davis, cha mwaka 1998. Davis alikaa na rekodi za Ma Rainey na Bessie Smith akaandika maneno ya nyimbo zao, na ameyaweka nyuma ya kitabu kwa ukurasa hadi ukurasa. Kazi hiyo peke yake inatosha kukifanya kitabu kiwe cha kuhifadhi, maana santuri zile zina mikwaruzo na maneno humezwa. Na hoja yake pia ni nzito. Mtu aliyetoka utumwani alibaki maskini, lakini alipata mambo ambayo mzazi wake hakuwa nayo: kusafiri anakotaka na kumchagua ampendaye. Sasa sikiliza bluzi zinahusu nini: treni na mapenzi. Mimi niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza nikatafakari.

Cha tatu ni *Lost Delta Found*, kilichotoka mwaka 2005, na hiki sitasema ni chepesi. Mwaka 1941 na 1942 watafiti Weusi wa Chuo Kikuu cha Fisk, John Work, Lewis Jones na Samuel Adams, walikwenda wilaya ya Coahoma, Mississippi, pamoja na Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Lomax akaja kuandika *The Land Where the Blues Began* mwaka 1993, kitabu kitamu, kilichotuzwa, ambamo wenzake hao wanaonekana kwa mbali sana. Maandishi yao wenyewe yalikaa zaidi ya miaka sitini kabla ya kuchapishwa ndani ya *Lost Delta Found*. Safari hizo ndizo zilizomkuta Muddy Waters akiwa kijana kwenye shamba la Stovall. Walimuuliza anapiga nyimbo gani. Pamoja na bluzi zake alitaja "Chattanooga Choo Choo", wimbo wa bendi kubwa za dansi, na nyimbo za Gene Autry, yule mwimbaji wa filamu za wachunga ng'ombe. Watu walikuwa wanataka kucheza, naye alikuwa anatafuta riziki.

Mama, naomba utuamulie. Mume wangu anasema kantri ni muziki wa Wazungu wa milimani na bluzi ni ya Weusi, na kwamba vitabu vyote vimeandika hivyo. Mimi nasikia vinafanana mno. Kuna kitabu kinachoniunga mkono?

Kipo. Msalimie mzee, kisha mwekee mezani *Segregating Sound* cha Karl Hagstrom Miller, cha mwaka 2010. Ni kitabu cha kisomi na baadhi ya kurasa zitampa usingizi, lakini kinaeleza jinsi uzio ulivyojengwa. Kusini mwa Marekani, mwanamuziki Mweusi na mwanamuziki Mzungu walipiga nyimbo zilezile za dansi, za kanisani na za jukwaani. Kampuni za santuri zilipoingia sokoni miaka ya 1920 zikafungua katalogi mbili, moja ya wanunuzi Weusi na nyingine ya Wazungu wa vijijini. Mweusi aliyefika studio na wimbo wa mapenzi wa Broadway, kwenye majumba ya maonyesho ya New York, aliambiwa aimbe bluzi. Mzungu aliambiwa alete fidla. Baada ya muda wataalamu wakaja, wakazikuta katalogi, wakadhani ndiyo ramani ya muziki wenyewe. Nasi wakutubi tukapanga rafu kwa kuzifuata.

Mfano hai ni Ralph Peer, msimamizi wa kurekodi santuri. Mtu huyuhuyu aliyekuwa Okeh enzi za Mamie Smith ndiye aliyemrekodi Fiddlin' John Carson, Mzungu mpiga fidla, jijini Atlanta mwaka 1923, na ndiye aliyefunga safari hadi Bristol, Tennessee, kiangazi cha 1927 akawarekodi Jimmie Rodgers na familia ya Carter, Wazungu waliokuja kuwa nguzo za kantri. Mfanyabiashara mmoja, vikapu viwili.

Muulize mume wako ni nani anapiga tarumbeta katika "Blue Yodel No. 9" ya Jimmie Rodgers, ya mwaka 1930. Ni Louis Armstrong, Mweusi, nyota wa jazi, na piano ni ya Lil Hardin, mkewe. A.P. Carter wa familia hiyo ya Carter alipozunguka vijijini kukusanya nyimbo alifuatana na Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi wa Tennessee. Carter aliandika maneno, Riddle alishika tuni kichwani. DeFord Bailey, Mweusi mpiga hamonika, alikuwa kipenzi cha wasikilizaji wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha kantri cha Nashville, tangu miaka ya 1920 hadi alipoondolewa mwaka 1941. Na Hank Williams, nyota Mzungu wa kantri, alifundishwa gitaa mitaani Alabama na Rufus Payne, mzee Mweusi waliyemwita Tee Tot.

Kuhusu banjo, ala ya nyuzi ambayo wengi hudhani ni ya Wazungu wa milimani, hapo mzee wako hana pa kusimama. Ilitengenezwa na Waafrika waliokuwa utumwani Karibi na Amerika: kibuyu, ngozi iliyowambwa, mkono na nyuzi. Kitabu cha kusoma kwa raha ni *The Banjo* cha Laurent Dubois, cha mwaka 2016. Lakini niruhusu nimtaje aliyefyeka njia, maana ni mwenzangu: Dena Epstein, mkutubi wa muziki wa Chuo Kikuu cha Chicago. Wasomi walisema hakuna ushahidi wa maandishi kuhusu muziki wa watumwa. Yeye, wakati wake mwenyewe nje ya kazi, akachimbua barua, shajara za wasafiri na kumbukumbu za mashamba kwa zaidi ya miaka ishirini, na mwaka 1977 akatoa *Sinful Tunes and Spirituals*. Ushahidi ulikuwepo wakati wote. Hakuna aliyekuwa ameamka kuutafuta.

Kwa haki, kama mume wako anataka kitabu kinene cha kantri chenyewe, kipo *Country Music U.S.A.* cha Bill Malone, cha mwaka 1968 na kilichorekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Achukue toleo jipya.

Elvis aliiba au hakuiba? Jibu fupi tafadhali.

Santuri yake ya kwanza, Memphis, Julai 1954: upande mmoja "That's All Right" ya Arthur Crudup, Mweusi wa Mississippi, upande wa pili "Blue Moon of Kentucky" ya Bill Monroe, Mzungu wa Kentucky. Kuimba si wizi, na Elvis alizipenda nyimbo hizo kwa dhati. *Last Train to Memphis* cha Peter Guralnick, cha mwaka 1994, kinalionyesha hilo vizuri kuliko kitabu chochote nilichosoma. Wizi ulikuwa kwenye karatasi za malipo ya watunzi. Crudup alifariki mwaka 1974 akiwa bado anadai stahiki zake. Na "Hound Dog", ambayo watu huitaja kila mara, iliimbwa kwanza na Big Mama Thornton, lakini waliotunga ni Leiber na Stoller, vijana wawili Wayahudi wa Los Angeles. Umetaka jibu fupi. Swali lako si fupi.

Mama Santuri, napenda zaidi tawasifu za wanamuziki kuliko vitabu vya wasomi. Je, tawasifu zinaaminika? Na ipi naweza kumpa mwanangu wa kiume wa miaka kumi na mitatu?

Zinaaminika kwa sauti, si kwa tarehe. Chukua *Treat It Gentle* cha Sidney Bechet, mwanamuziki wa jazi wa New Orleans, kilichotoka mwaka 1960, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kinaanza na babu yake, mtumwa aitwaye Omar, aliyepiga ngoma Congo Square, uwanja wa New Orleans walipokusanyika watumwa, na kukimbilia vinamasi kwa ajili ya mapenzi. Wachunguzi walipofuatilia wakakuta ni hadithi maarufu ya Louisiana kuhusu mtoro Bras-Coupé, ambayo Bechet ameivisha jina la ukoo wake. Mimi bado naipenda sura hiyo kuliko nyingi zenye tarehe sahihi, maana inakuonyesha mwanamuziki alitaka sauti yake itokee wapi. Isome tu ukijua.

W.C. Handy, mtunzi Mweusi wa bluzi, ni mwangalifu zaidi. Katika *Father of the Blues*, cha mwaka 1941, anasimulia alivyosinzia stesheni ya Tutwiler, Mississippi, akaamshwa na mtu mwenye nguo chakavu aliyetelezesha kisu kwenye nyuzi za gitaa. Jina la kitabu linajidai, lakini ndani Handy anakiri kwamba alichokisikia pale kilimtangulia. Huyo ndiye wa kumpa kijana wako.

*Brother Ray*, cha mwimbaji Ray Charles na David Ritz, cha mwaka 1978, kiweke rafu ya juu. Ray hakuficha kitu, si wanawake wala sindano za dawa za kulevya.