Kituo cha Mji Kisilale: Kwa Wanaoanza Age of Empires II

Kila likizo ya skuli chumba chetu cha kompyuta hapa Chake Chake hupata vijana wapya, na siku ya kwanza suali huwa moja: "Kaka, jeshi gani lina nguvu zaidi?" Nami huwauliza: dakika ya nane una wanakijiji wangapi? Wengi hawajawahi kuhesabu. Nawaandikia nyinyi, wa Pemba na wa Unguja, mnaoingia sasa kwenye Age of Empires II, mchezo wa kompyuta wa kujenga mji na kupigana, uliotoka mwaka 1999 na kutengenezwa upya mwaka 2019. Nitaeleza mwanzo mmoja tu, ulio salama. Uzoeeni huo kwanza, mengine yatakuja.

Mimi mwenyewe nilipoteza miezi. Nilikuwa naanza kwa kambi ya askari kwa sababu niliogopa kuvamiwa, nikawa na askari watano na wanakijiji tisa. Askari wale hawakuwahi kunilinda, kwa kuwa mwenzangu alikuwa na watu ishirini na alichohitaji kilitoka kwa wingi. Nikaona tatizo ni askari, nikajaribu ukuta. Nikazungushia mji wote, na wakati nahangaika na ukuta Kituo cha Mji (Town Center), jengo kuu linalotoa wanakijiji, kilikaa bure bila kutoa mtu. Aliponijia na wapanda farasi wazito, ukuta ulikuwepo, ila nyuma yake hapakuwa na kitu.

Anayejua bao la Kiswahili atanielewa upesi. Mnaanza na kete ishirini na mbili mkononi kila mmoja, na ubaoni una nyumba yako yenye kete sita. Anayeanza akiiona nyumba imejaa, mkono unamuwasha aivunje palepale asambaze kete. Mzee aliyekaa naye barazani atamwambia atulie, anamue kwanza, yaani acheze kete za mkononi, nyumba aiache ijae. Kituo cha Mji ni nyumba yako, tofauti ni kwamba huku saa inakwenda na mwenzako hangoji zamu.

Sasa hesabu. Unaanza na wanakijiji watatu na mpelelezi mmoja wa farasi. Ghalani una chakula 200, mbao 200, dhahabu 100 na mawe 200. Mwanakijiji mmoja anagharimu chakula 50 na anachukua sekunde 25 kutoka. Kwa hiyo chakula cha mwanzo kinatosha watu wanne, yaani sekunde 100, baada ya hapo Kituo kinalala kama hujaleta kingine. Sekunde hizo ni za saa ya mchezo, ambayo kwa kasi ya kawaida inakimbia mara 1.7 ya saa ya ukutani. Sekunde 25 za mchezo ni kama 15 za kwako wewe uliyekaa kitini. Hakuna nafasi ya kufikiri sana, ndiyo maana nasisitiza mkono uzoee.

Kabla hujagusa kitu chochote, bonyeza H kuchagua Kituo, kisha agiza wanakijiji wanne. Halafu nyumba. Hapa ndipo wageni wengi hukwama bila kujua kwa nini: Kituo kinabeba watu watano, na wewe tayari unao wanne, mpelelezi akiwemo. Akitoka mmoja umejaa. Kwa hiyo sekunde ileile ya kwanza, wanakijiji wawili wajenge nyumba kwa pamoja na wa tatu aanze ya pili. Kila nyumba ni mbao 25 na inabeba watu watano. Ukiona maandishi ya idadi ya watu yanawaka, umeshachelewa, na kuchelewa huko hulipwi tena.

Mpelelezi asisimame. Azunguke karibu na mji, kwa duara ndogo kisha kubwa, atafute kondoo. Kwenye ramani za kawaida wanne wako jirani, na wengine wanne wako mbali kidogo, wawiliwawili. Kondoo mmoja ana chakula 100. Wachinje mmoja mmoja chini ya Kituo chenyewe, usiwachinje watatu kwa pamoja, maana nyama iliyokwisha kuchinjwa inaoza polepole. Na mtu anayekula mlangoni pa Kituo hana safari ya kubeba mzigo.

Wanakijiji sita wa mwanzo wote wawe kwenye kondoo. Wanne wanaofuata waende kwenye miti, wajenge kambi ya mbao iliyogusana na msitu kabisa. Nimeona kambi imejengwa hatua sita kutoka kwenye mti wa kwanza. Kila mbao inayokatwa pale inalipa nauli ya kwenda na kurudi mpaka mchezo uishe.

Wa kumi na moja ndiye anayewasumbua watu, kwa sababu kazi yake ni nguruwe pori. Nalisema hili wazi kwa kuwa chumbani kwetu limekuwa jambo. Wapo vijana ambao mkono wao unasita, na mama mmoja alinifuata kuuliza mtoto anafanya nini na mnyama yule. Nikamuonesha, nikamwambia ni picha kwenye kioo, na asiyetaka hatalazimishwa. Lakini nawapa hesabu ili kila mtu achague akijua. Nguruwe mmoja ana chakula 340, na wako wawili, jumla 680. Hiyo ni bei ya wanakijiji kumi na tatu. Ukiwaacha, itakubidi uende mapema kwenye vichaka vya matunda, ambavyo kila kimoja kina 125 lakini kuchuma kwake ni kwa taratibu zaidi, na mashamba ya kulima yatakuja kabla hujawa na mbao za kutosha. Inawezekana, ila utachelewa. Kwenye ramani nyingine mnyama huyo huwa ni ndovu au kifaru, na kazi ni ileile.

Kazi yenyewe iko hivi. Mwanakijiji mmoja amrushie mshale, kisha mara moja umrudishe mbio hadi Kituoni, mnyama akimfuata. Akifika, wenzake waliokuwa kwenye kondoo wamgeukie mnyama wote kwa pamoja. Mwanakijiji ana uhai 25 na pigo la nguruwe ni 7, kwa hiyo mapigo manne yanammaliza. Wachezaji wazuri huenda na uhai huohuo. Nyinyi mnaoanza, nunueni kwanza kile kilichoandikwa Loom kwenye Kituo. Kinagharimu dhahabu 50, ambayo unayo toka mwanzo na haina kazi nyingine kwa wakati huo, na kinaongeza uhai wa kila mwanakijiji hadi 40. Kinakula sekunde 25 za Kituo, sawa na mtu mmoja. Wapo watakaowaambia ni upotevu kukinunua mapema hivyo. Kwa anayejua kweli ni upotevu. Kwa mgeni, kupoteza mwanakijiji kwa nguruwe ni hasara kubwa zaidi, kwa sababu akishamuona amekufa hushtuka na kusahau kila kitu kingine kwa dakika nzima.

Baada ya hapo mambo ni mepesi. Wanne kwenye matunda pamoja na kinu, mmoja zaidi kwenye nyama, na watano wa mwisho kwenye miti. Hao ni ishirini na mmoja. Nyumba nyingine ijengwe kila unapobakiwa na nafasi ya watu wawili. Ukiwa na kambi ya mbao na kinu umeshatimiza majengo mawili yanayotakiwa, na chakula kikifika 500 bonyeza kuingia Zama za Ukabaila (Feudal Age), hatua ya pili ya mchezo.

Angalia saa hapo. Watu kumi na wanane wa kuongeza, kila mmoja sekunde 25, ukijumlisha na Loom, ni dakika 7 na sekunde 55. Hiyo ni kwa Kituo kisicholala hata sekunde moja. Kupanda zama kunachukua sekunde 130, kwa hiyo utaingia Ukabaila dakika ya 10 na sekunde 5. Mgeni akiingia dakika ya 12 nampongeza. Akiingia ya 15 nataka aniambie ni wapi Kituo kililala, na mara nyingi anapajua.

Sekunde zile 130 usizitazame tu. Jenga kambi ya askari, na mpelelezi aende kwa mwenzako. Hapa ndipo usalama ulipo, na ndipo ninapotaka mnielewe vizuri. Mtazame anachimba nini. Akiwa na watu kwenye dhahabu mapema, anataka wapiga mishale, kwa sababu mmoja anahitaji mbao 25 na dhahabu 45. Ukiona banda la farasi na watu wengi kwenye chakula, wapanda farasi wepesi watakuwa kwako kuanzia dakika ya 10 hivi. Wa farasi wanazuiwa na watu wa mikuki mirefu, kila mmoja chakula 35 na mbao 25. Wa mishale wanazuiwa na warusha mikuki mifupi, chakula 25 na mbao 35. Angalia bei hizo: hakuna dhahabu ndani yake. Kinga yako inatoka kwenye chakula na mbao ulizokwisha kukusanya, ndiyo maana wale watu ishirini na mmoja ni ulinzi zaidi ya askari wangu watano wa zamani.

Maadui wakija kabla hujawa tayari, gonga kengele, wanakijiji waingie Kituoni. Kinabeba kumi na tano, na wakiwa ndani mishale inaongezeka. Ila maadui wakirudi nyuma hatua chache, watoe watu wako wafanye kazi. Nimeona mchezo ukipotea kwa kengele iliyogongwa mara moja na kusahauliwa.

Ukuta basi? Siukatazi. Nilipopelekwa Pujini nikiwa mdogo kuona magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba, kilichonishangaza ni lile tuta la udongo lilivyo kubwa, nikauliza watu wangapi walilibeba. Zibeni mapengo kati ya misitu kwa uzio wa miti, nyumba zenu zikiwa sehemu ya uzio huo, lakini awe mwanakijiji mmoja au wawili tu, baada ya nguruwe wa pili.

Kabla ya kucheza na mtu, cheza na kompyuta, na uanze na mafunzo ya ndani ya mchezo yaitwayo The Art of War, ambayo yana somo la uchumi wa mwanzo na jingine la kujikinga na uvamizi wa mapema. Usicheze mpaka mwisho. Cheza mpaka ubonyeze Ukabaila, andika saa kwenye daftari, anza upya. Mara kumi kwa jioni moja inawezekana. Binti mmoja wa Wete aliyekuja kwetu likizo iliyopita alianza na dakika 14 kwenye daftari lake, na ukurasa wa tatu ulikuwa na 8:40. Anayefika chini ya 9 mara tatu mfululizo aje Ijumaa baada ya sala ya alasiri, tutacheza mimi na yeye.