Nyota ya Fataki Inayogawanyika Angani

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi wa kukereza vyuma hapa Ujiji, Kigoma. Katika mkesha wa mwaka mpya niliona fataki ambayo kila nyota yake ilipasuka angani na kuchora msalaba. Je, ninaweza kukereza kifaa cha kuishindilia nyota hiyo?

JIBU: Ndugu fundi, nyota hiyo, yaani kidonge cha unga wa fataki kinachowaka angani, huitwa krosete. Hushindiliwa ikiwa na tundu, na ndani ya tundu hilo hukaa kiasi kidogo cha baruti, ambayo moto ukiifikia huipasua nyota katika vipande, kwa kawaida vinne, vinavyoendelea kuwaka huku vikitawanyika. Kifaa chenyewe ni silinda na mchi tu, nawe hungeshindwa kukikereza. Hatari imo katika unga unaoshindiliwa, kwa kuwa unaweza kulipuka kwa msuguano, kwa pigo, au kwa cheche ya umeme tuli isiyoonekana, na ndiyo maana wenye kazi hiyo huepuka hata vyuma vinavyotoa cheche. Huko Marekani wapenzi wa fataki wana chama chao, Pyrotechnics Guild International, kilichoanzishwa mwaka 1969. Kwetu, kutengeneza baruti bila leseni ni kosa la jinai, na karakana iliyobanana na nyumba za watu (kama nyingi za Ujiji) haifai hata kidogo. Kwa hiyo nakushauri usikikereze.

Kuhusu rangi, ambazo hukuuliza, nyekundu hutokana na strontiamu, kijani na bariamu, buluu na shaba. Manjano hutokana na sodiamu, ileile iliyomo katika chumvi ya Uvinza.