Maswali ya Wasomaji: Daftari la Shukrani

SWALI: Kila usiku naandika mambo 10 ninayoyashukuru. Mwanzoni nilifurahia, sasa narudia yale yale: afya, familia, kazi. Nikifunga daftari sihisi chochote. Nakosea wapi?

JIBU: Kumi ni mengi mno, ndugu msomaji. Ukifika la nne unaanza kujaza nafasi tu, na mkono unaandika bila moyo kuwemo. Baki na mambo 3. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005, mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake waliwaomba watu waandike kila usiku mambo 3 yaliyokwenda vizuri, na kando ya kila moja waeleze kwa nini lilitokea. Zoezi lilikuwa la wiki 1 tu, lakini nafuu ilionekana hata miezi 6 baadaye, hasa kwa walioendelea nalo kwa hiari yao. Hiyo “kwa nini” ndiyo wengi wanayoiruka, na kwa maoni yetu ndiyo yenye uzito kuliko yote.

Tena, “familia” halikutokea leo. Andika tukio: nani alifanya nini, saa ngapi, na kwa nini alijisumbua. Tazama hivi: “Saa kumi jioni dada alinipigia kuuliza usaili ulikwendaje. Nilimtajia tarehe mara moja tu, naye akaiweka moyoni.” Sentensi 2 hadi 4 kwa kila jambo zinatosha, kazi nzima isizidi dakika 10.

Kinachozima hisia ni mazoea, maana jema linalorudi kila siku huacha kuonekana. Jiwekee sharti la kutorudia jambo uliloliandika ndani ya siku 7, isipokuwa umeona upande wake mpya. Likikuishia la kuandika, chukua jambo moja jema na ueleze namna ambavyo lingeweza kabisa lisitokee: usingekutana na mtu yule, barua ile isingefika. Mtafiti Minkyung Koo na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba kuandika hivyo huinua moyo kuliko kueleza jinsi jambo lilivyotokea. Na si lazima uandike kila siku. Mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky alipowafuatilia watu kwa wiki 6, walionufaika ni walioandika mara 1 kwa wiki, si walioandika mara 3. Ukiona daftari limekuwa kama ushuru, punguza siku bila kujilaumu.

SWALI: Nimefiwa na mume wangu miezi mitatu iliyopita. Ndugu wananihimiza niandike shukrani, lakini nikishika kalamu naona kama namsaliti. Niendelee?

JIBU: Pole sana, dada yetu. Usiendelee kwa kulazimishwa. Kwa sasa andika kinachouma, kama kilivyo, wala usikifunge kwa “lakini nashukuru”. Maneno hayo huyafunika machozi kabla hayajatoka. Epuka pia kujipima na wenye shida kubwa zaidi yako. Utabaki na hatia juu ya huzuni. Siku ukijisikia tayari, jambo 1 dogo linatosha, na linaweza kumhusu yeye: alivyokuwa akicheka, neno alilopenda kukuambia. Hapo humsaliti.

Tunaomba pia ujichunguze. Nafuu ya daftari hili kwa mwenye sonona ni ndogo, nalo si badala ya tiba. Ikiwa kwa wiki 2 au zaidi hulali, huli, au huwezi kufanya shughuli zako za kawaida, mwone daktari au mshauri nasaha. Likikujia wazo la kujidhuru, usingoje kesho: mwambie mtu aliye karibu nawe na utafute msaada wa haraka siku hiyo hiyo.

SWALI: Simu au karatasi? Asubuhi au usiku?

JIBU: Vyote vinafaa. Karatasi haikuletei ujumbe katikati ya sentensi. Ukitumia simu, zima intaneti kwanza. Usiku matukio bado mabichi, ila andika ukiwa umekaa, kabla ya kupanda kitandani, la sivyo usingizi utakuwahi. Lifungamanishe zoezi hili na jambo usilolikosa, kama kupiga mswaki. Ukiruka siku, usirudi nyuma kuzijaza, kwani utabuni. Andika tarehe ya leo na uendelee.