Kulea Mtoto Mchanga na Kubaki Jukwaani: Niliyojifunza Moshi

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi minne niliporudi kuigiza, katika igizo la kampeni ya malaria tulilolicheza siku ya soko pale Himo. Nilikuwa nimesimama katikati ya duara la watu, nikiigiza mama mkwe mkali, mara mtoto wa muuza ndizi mmoja akaanza kulia kwa njaa. Aliyewahi kunyonyesha anajua kilichofuata: kifua kilinijaa ghafla, maziwa yakatoka, na kabla sijamaliza maneno yangu gauni la maleba lilikuwa limelowa pande zote mbili. Mwenzangu alinitupia khanga, nikajifunga kifuani, igizo likaendelea. Wangu alikuwa Pasua, mtaa wa Moshi mjini, kwa mama yangu, na nilijua fika kwamba saa ile naye alikuwa akilia.

Wasichana wanaokuja kuniuliza juu ya kazi hii huhofia kwamba wakizaa kipaji kitafifia. Mimi huwauliza kuhusu saa. Vikundi vyetu vingi hufanya mazoezi kuanzia saa kumi na moja jioni, kwa kuwa mchana wasanii wenzetu ni walimu, mafundi cherehani na wafanyabiashara wa sokoni, na huo ndio wakati mtoto anapoogeshwa, kulishwa na kulazwa. Onyesho la ukumbini Arusha likianza saa moja usiku huisha saa tatu au nne, na sisi wa Moshi tunabakiwa na barabara ya kilomita 80 hivi kabla ya kufika nyumbani. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mama mwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja ni kutafuta kwanza kazi za mchana: maigizo ya shuleni, kampeni za afya vijijini, maonyesho ya siku za soko. Malipo yake mara nyingi ni madogo, nakubali, lakini jioni unakuwa umerudi.

La pili, ambalo nalisisitiza kuliko yote, ni kuzungumzia habari za mtoto kabla ya kupokea nafasi. Mimba ya pili niliificha. Nilipofika mwezi wa tano, kikundi nilichokuwa nacho kilimpa mtu mwingine nafasi yangu bila kuniambia neno. Nilifika mazoezini nikamkuta binti amevaa kitenge changu cha igizo na anasema maneno yangu. Niliumia sana, na mpaka leo naamini walinikosea. Hata hivyo, kwa kuficha kwangu nilijinyima nafasi ya kukaa na mwongozaji tukakubaliana mapema.

Kazi iliyofuata niliandika ukurasa mmoja, nikaomba mwongozaji na mimi tuutie saini. Ulitaja siku na saa za mazoezi, jina la mwigizaji atakayejifunza nafasi yangu endapo mtoto ataugua, na kiasi cha posho kitakachoongezwa siku ya onyesho la usiku ili nimlipe anayebaki na mtoto. Kubwa zaidi, tulikubaliana kwamba matukio yote ya mhusika wangu yafanyiwe mazoezi Jumanne na Alhamisi, moja baada ya jingine. Asiyewahi kufanya kazi hii huenda asione uzito wa jambo hilo, lakini mwigizaji huweza kukaa ukumbini kwa muda wa saa nne akingojea tukio la dakika sita. Kwa mama anayenyonyesha, hizo ni saa zilizoibwa. Mwongozaji mwenye muswada mkononi anaweza kulipanga hilo kwa nusu saa tu, na wengi hawalifanyi kwa sababu hakuna aliyewaomba.

Sheria pia tuifahamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamtaka mwajiri amruhusu anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Inakataza pia mama kufanyishwa kazi za usiku katika miezi miwili ya kwanza baada ya kujifungua, na usiku kwa sheria hiyo unaanza saa mbili. Tatizo letu ni kwamba wengi tunalipwa posho kwa onyesho, bila ajira ya kudumu, na haki hizo hazitufikii. Ndiyo maana ukurasa ule wenye saini una thamani. Pale ambapo hakuna mkataba mwingine, ndio mkataba wako.

Kuhusu maziwa, nilijifunza kukamua kabla ya kutoka nyumbani na tena wakati wa mapumziko. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa takribani saa nne katika joto la kawaida na hadi siku nne kwenye friji, ila umeme ukikatika usihesabu friji. Mwanangu alinyweshwa kwa kikombe kidogo safi, kama tulivyofundishwa kliniki. Na ndani ya maleba yangu nilishona vitambaa viwili vya pamba vinavyotolewa na kufuliwa.

Wapo wanaosema mama aende na mtoto mazoezini kila siku. Mimi siafiki kabisa. Akiwa mchanga, na yupo wa kumpokea, sawa. Akianza kutambaa, ukumbi wetu wenye nyaya sakafuni, mbao zenye misumari na ngoma zinazopigwa ndani ya kuta nne si mahali pake.

Anayebaki na mtoto ndiye anayebeba onyesho lako. Mama mkwe wangu, aliyenipikia mtori, supu ya ndizi na nyama, kwa miezi mitatu bila kuchoka, alibadilika nilipoanza kutoka jioni. "Mama Neema," aliniambia, "ni kazi gani hiyo inayomrudisha mama wa watu usiku?" Nilimjibu, "Mama, nakuomba siku moja uje uione." Alikubali kwa shingo upande. Tulicheza katika ukumbi wa kanisa, yeye akiwa mstari wa mbele na Neema mapajani, na katika tukio la mjane kunyang'anywa kihamba, yaani shamba la ukoo, nilimwona akijifuta macho kwa pembe ya khanga. Njiani hakusema kitu hadi tulipokaribia nyumbani. "Yule mama," alisema, "mashemeji zake hawakumtendea haki. Mwambie aende baraza la ardhi." Siku hizi nikipata kazi, yeye ndiye wa kwanza kuuliza onyesho linaisha saa ngapi, ili ajue kama Neema atalala kwake au aniachie mlango wazi.