Mlango wa nakshi ndani ya laptopu

SWALI: Assalaam aleikum, Ami. Mimi ni mchonga milango hapa Langoni, Lamu. Mteja wangu wa Nairobi ataka kuuona mlango kabla sijagusa patasi. Nimeuchora kwa Blender, programu ya kuchora vitu vya pande tatu, lakini picha moja hunikesha, na laptopu yawaka kama jiko. Ninunue mashine mpya?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Pesa ziache mfukoni kwanza. Bila shaka unatumia Cycles, injini ya Blender ya kutolea picha, inayofuata mwanga mwale kwa mwale. Kwa mashine isiyo na kadi ya michoro, huko ni kumbebesha punda mmoja mawe ya nyumba nzima. Sampuli zake, yaani mara inazopima mwanga kwa kila nukta ya picha, huja zimewekwa 4096. Teremsha hadi 128, kisha washa kile kifaa cha kusafisha chengachenga za picha. Au hamia Eevee, injini nyingine iliyokuja na Blender 2.80 mwaka 2019. Hiyo hukadiria mwanga kama ifanyavyo michezo ya video, kwa hiyo haichoshi mashine.

Ila nashuku tatizo lako ni nakshi. Umechora kila ua na kila jani? Nami nilifanya hivyo mara ya kwanza, ujeuri tu. Chora ubao mmoja, wa pili uakisi. Maua madogo yageuze picha inayoielekeza kompyuta mwanga uangukeje, na ubao ubaki bapa. Mfaa wa katikati tu uuchonge kikweli, maana hapo ndipo jicho la mteja litakapotua.

Na laptopu iinue kwa vibao viwili ipate hewa. Najua unaiweka kitandani.