Ugoko, goti na kilomita 21: majibu kwa wanaoanza

Barua za safari hii karibu zote ni za watu wanaojiandaa na nusu marathoni yao ya kwanza, wengi wao ile ya Moshi. Nimechagua tano.

Tangu Simbu achukue dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo 2025, na mimi nimeingia barabarani. Sasa ugoko unauma nikianza kukimbia, mwili ukipata moto unaacha, jioni unarudi. Niendelee? (Dada wa Tabata)

Dada, kaa kitandani, vua soksi, kisha pitisha kidole gumba taratibu upande wa ndani wa ugoko, kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo. Bonyeza kidogo kidogo.

Kama maumivu yametapakaa sehemu ya urefu wa kiganja au zaidi, umekutana na kinachowapata wengi wanaoanza. Pumzi huzoea ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huhitaji miezi. Unajisikia unaweza, kumbe mguu haujafika huko. Punguza kilomita zako kwa nusu kwa wiki mbili, tafuta njia ya udongo uache lami, kisha upande tena polepole.

Ila kidole kikigusa sehemu moja ndogo, kama sarafu, ukaruka kwa maumivu, au mguu ukauma usiku umelala, acha kukimbia leo hii. Huenda mfupa umepata ufa. Nenda hospitali na umwambie daktari wazi kwamba unakimbia, maana ufa mchanga mara nyingi hauonekani kwenye eksirei za wiki za mwanzo. Mwenzetu mmoja aliambiwa picha iko safi, akafunga bandeji akaendelea. Alikaa nje msimu mzima, na bado roho inaniuma kwamba tulimwona anachechemea tukanyamaza.

Nimeze diklofenaki asubuhi ya mbio ili nisisikie goti? (Msomaji, Mbeya)

Hapana, ndugu yangu. Mbio za saa mbili na zaidi zinakukausha maji, na dawa za maumivu za kundi la diklofenaki, ibuprofeni ikiwemo, hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Mawili hayo yakikutana, figo ndiyo inayoumia. Tena dawa inakuzibia sauti ya goti siku unayoihitaji kuliko zote. Kama huwezi kuanza bila dawa, usianze.

Nina kilo 94. Goti linauma mbele nikishuka ngazi, na nyumbani wananiambia mbio zitanimaliza magoti. (Baba wa watoto wawili, Morogoro)

Kaka, wasikutishe. Kukimbia kwa kiasi hakuli goti lenye afya. Maumivu ya mbele, hasa ukishuka ngazi, kwa kawaida yanatokana na kuongeza kilomita haraka huku mapaja na nyonga havijapata nguvu. Mara tatu kwa wiki, simama mbele ya kiti, shuka ukihesabu hadi nne, gusa kiti, inuka. Fanya hivyo mara kumi, pumzika, rudia mara mbili. Ukikimbia, fupisha hatua. Kimbia dakika nne, tembea moja, wala usione haya kutembea: wapo wanaomaliza kilomita 21 kwa mtindo huo wakiwa na nguvu za kutabasamu. Goti likivimba, likikwama au likikuachia ghafla, hilo ni la daktari.

Ninafanya mazoezi Dar, pembeni ya bahari, tambarare tupu. Kile kilima cha Moshi nitakiweza?

Kupanda kuelekea Mweka, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, utaweza, ukikubali kwenda polepole kiasi cha kuweza kuongea. Mimi nahofia kushuka. Ukishuka, misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki huku ikivutika, na hapo ndipo inapochanika vichaniko vidogo vidogo. Asiyezoea anafika uwanjani mapaja yakitetemeka, na kesho yake anashuka kwenye basi kinyumenyume.

Dawa yake ni kuzoea mapema. Peleka mbio zako ndefu za Jumapili kwenye miinuko ya Chuo Kikuu, Mlimani, mara moja kila wiki mbili. Ukishuka, piga hatua fupi za haraka, usijirushe, usiegemee nyuma. Maumivu ya mapaja yote mawili yanayokuja kesho yake na kuisha siku ya tatu, yaache yapite. Mara ya mwisho ya kwenda kwenye miinuko iwe wiki tatu kabla ya mbio.

Zimebaki wiki mbili. Kano ya kisigino imenikosesha mbio ndefu mbili. Nizifidie?

Usifidie hata moja. Ulichojenga kwa miezi hakipotei kwa Jumapili mbili, na kano iliyochokozwa haipendi deni lilipwe kwa mkupuo. Simama kwenye kidato cha ngazi, inuka kwa vidole vya miguu yote miwili, kisha teremsha visigino taratibu mpaka vilingane na kidato, mara kumi na tano, asubuhi na jioni. Jumamosi ijayo kimbia dakika 30 kwa mwendo wa maongezi, kisha Jumapili uangalie hatua zako za kwanza ukitoka kitandani. Ukakamavu unaoisha kabla hujafika bafuni, nenda Moshi. Ukichechemea mpaka saa ya chai, baki nyumbani, na uniandikie tupange mbio nyingine.