Bata Anayechechemea

Wiki hii mmetuuliza: je, katuni zinawafunza watoto wetu utu, au zinawaharibu? Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, upande wa Uganda, na nitajibu kwa jambo lililotokea mlangoni pangu.

Kuna binti wa jirani ambaye mguu wake mmoja ni mfupi. Kila asubuhi hupita kwangu akienda bombani. Siku moja mwanangu wa miaka 6 akamfuata nyuma, bega moja juu, moja chini, huku akilia, "Kwe-kwe! Kwe-kwe!" Watoto wenzake wakaangua kicheko. Binti hakugeuka. Alihamishia jerikeni mkono wa pili, akaendelea na safari yake. Niliacha nguo ya watu kwenye cherehani nikatoka mbio, na jioni nikaenda kwa mama yake kuomba radhi.

Ile sauti niliitambua. Ilikuwa ya katuni ya bata anayechechemea, ambayo mwanangu aliitazama wiki nzima mimi nikishona. Tena niliisifu, kwa sababu mwishoni wanyama wote wanamwomba bata msamaha. Lakini hebu itazameni vizuri: kejeli inajaza karibu kipindi chote, ina muziki, ina vituko. Msamaha ni maneno mawili matatu, kisha kimekwisha. Mtoto alibeba kile kilichomnogea.

Mwaka 2008 watafiti Marie-Louise Mares na Emily Acosta wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliwaonyesha watoto wa chekechea katuni ya mbwa mwenye miguu mitatu. Mbwa wenzake wanamwogopa, baadaye wanamzoea. Funzo lilikuwa kuwapokea watu walio tofauti nasi. Watoto walipoulizwa wamejifunza nini, wengi walizungumzia mbwa wa miguu mitatu. Kwa binadamu hawakufika.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tuchague katuni nzuri tu, mtoto atanyooka mwenyewe. Wala sisemi tuzime televisheni. Vipindi kama Ubongo Kids, vilivyoanzia Tanzania mwaka 2014, mwanangu anavipenda, nami navipenda, tena ni Kiswahili chetu. Ninachosema ni kwamba mtoto anahitaji mtu mzima kando yake, wa kumvusha kutoka kwa mnyama hadi kwa jirani. Na ndugu zetu maveejay, wale wanaotafsiri filamu kwa sauti zao kwenye vibanda vya video, nawaomba kwa moyo wote: mnapoongeza maneno yenu ili watu wacheke, wakumbukeni wadogo waliokaa benchi la mbele. Anayechekwa pale kwenye skrini, kesho ana mfano wake mtaani.

Mimi sasa naacha kazi jioni, nakaa naye mkekani. Tuliirudia ile ya bata. Walipoanza kumcheka nikasimamisha picha.

"Bata anasikiaje hapa?"

"Vibaya."

"Na nani mwingine anatembea hivi?"

Alinyamaza kitambo, akautazama mlango.

Asubuhi yake binti alipopita, mwanangu alijificha nyuma ya pazia. Ilipita zaidi ya wiki ndipo akatoka mwenyewe, akasimama kizingitini, akasema kwa sauti ndogo, "Habari ya asubuhi, dada." Binti aliitikia, "Nzuri," bila kusimama. Tangu hapo anamwamkia kila siku.